Vichupa Viwili Mfukoni

Nilimwambia mumewe kwamba damu ilimkataa. Ndivyo tulivyozoea kusema wodini mgonjwa akianza kutetemeka huku anaongezewa damu, na ndugu huitikia kwa kichwa, wakamwachia Mungu. Haikuwa kweli. Mimi ndiye niliyesababisha apewe damu isiyo yake, na nilifahamu hivyo kabla hajafa.

Mimi ni muuguzi mkunga. Nimefanya kazi Dodoma na wilaya zake karibu maisha yangu yote ya utu uzima, na sasa nimestaafu. Kituo lilipotokea jambo hili sikitaji, kwa kuwa wanaokihudumia leo hawakuwepo na hawapaswi kulipa deni langu. Marehemu simtaji, ndugu zake wameniomba hivyo. Mengine yote nitayasema. Wanafunzi wa uuguzi husoma makosa yaliyofanyika Marekani na Uingereza, wakayafanyia mtihani, lakini makosa ya wodi za hapa nyumbani tunayafukia siku ile ile tunayomfukia mtu, kisha tunashangaa yanaporudi.

Ilikuwa miaka ile ambayo makao makuu ya nchi yalikuwa Dodoma kwa jina tu. Kiangazi kilikuwa kimekaza, upepo unaingiza vumbi hadi ndani ya kabati la dawa. Wodi ya wazazi ilikuwa imejaa, wanawake wawili wawili kitanda kimoja, wamelala mzungu wa nne, huyu kichwa huku na yule kichwa kule. Usiku ule tulikuwa wauguzi wawili, na mwenzangu alikuwa ameshikwa na mama mwenye kifafa cha mimba.

Kwenye kitanda kimoja walilala wanawake wawili waliohitaji damu. Mmoja alijifungulia zahanati, kondo la nyuma likachelewa kutoka, akaletwa amelowa damu hadi magotini. Mwingine alikuwa amefanyiwa upasuaji mchana, viganja vyake vyeupe. Jina la ubatizo walikuwa nalo moja. Kanda yetu imebatizwa tangu wamisionari wa CMS walipofika Mpwapwa miaka ya 1870, na majina ya wanawake wa Biblia yameenea kila kijiji, kwa hiyo majina pacha wodini ni jambo la kila wiki. Lakini hawa walifanana hadi jina la pili. Kitanda kimoja, namba moja, majina mawili yale yale. Kilichowatenganisha ni jina la babu, umri na namba ya faili, na hivyo vyote mimi sikuviandika nikiwa kando ya kitanda.

Daktari aliagiza wote wawili waongezewe damu. Nilichukua sampuli kwa huyu, nikachukua kwa yule, kila moja kwenye kichupa chake. Utaratibu niliujua vizuri: unaandika jina kwenye kichupa ukiwa bado umesimama kando ya mgonjwa, kabla hujainua mguu. Nilifundishwa hivyo chuoni, na mimi niliwafundisha wengine hivyo. Usiku ule kalamu yangu ilikuwa imebaki mezani. Kutoka chumba cha kujifungulia nikasikia mama anasukuma bila mtu. Nikavitia vichupa vyote viwili mfukoni mwa gauni, nikakimbia. Mtoto alitoka salama, analia kwa nguvu. Nikanawa mikono, nikarudi mezani, nikavitoa vichupa mfukoni, nikaviandika kwa kumbukumbu.

Watu niliowasimulia huniuliza nilihisi nini wakati ule. Sikuhisi chochote. Nilikuwa nimetoka kumpokea mtoto mzima na moyo ulikuwa mwepesi. Lile tendo lililokuja kumuua mama wa watu lilichukua muda wa kuandika maneno machache, na halikuniachia hata wasiwasi.

Kwa msomaji asiye wa fani yetu, niseme kidogo. Mwaka 1901 Karl Landsteiner, mwanasayansi wa Vienna, alionyesha kwamba damu za watu zina makundi na kwamba baadhi haziwezi kuchanganyika. Mtu wa kundi O ana kingamwili dhidi ya A na dhidi ya B tangu utotoni, hata kama hajawahi kuongezewa damu. Akipewa damu ya A, kingamwili hizo huzishambulia chembe ngeni dakika zile zile, chembe hupasuka, yaliyomo ndani yake huziumiza figo, presha hushuka, na damu yenyewe inaweza kupoteza uwezo wa kuganda. Mtu wa kundi A akipewa O, kwa kawaida hapati neno. Kwa sababu hiyo kosa langu lilionekana upande mmoja tu. Mwenzake wa kitandani, mwenye A, alipewa O usiku ule ule na hakupata hata homa. Wiki ile ile aliruhusiwa na mtoto wake.

Maabara hawakukosea. Walipima walicholetewa. Wanapolinganisha damu ya mchangiaji na sampuli ya mgonjwa, wanahakikisha kwamba vinakubaliana, na vilikubaliana kabisa. Kipimo chao hakina namna ya kujua kwamba sampuli imetoka kwenye mkono mwingine. Kizuizi cha mwisho kilikuwa kitandani, na kitandani nilikuwepo mimi.

Damu ilifika usiku wa manane, imeandikwa kundi A, na jina la mama aliyetoka zahanati. Nikasimama kando yake nikamwuliza, "Wewe ni fulani?"

"Abee."

Mwanamke wa kwetu akiitwa na nesi huitika abee. Hata ningemtajia jina la jirani yake angeitika, kwa adabu na kwa udhaifu wa mwili. Nikaona nimehakiki, nikaifungulia.

Mwongozo unataka mgonjwa asiachwe katika dakika 15 za mwanzo. Nilikaa naye kidogo, nikaitwa. Niliporudi alikuwa anatetemeka, meno yanagongana, analalamika mgongo na kiuno. Kila mkunga anayesoma hapa anajua nilichopaswa kufanya: funga damu, usiing'oe kanula, weka dripu ya chumvi, mwite daktari, rudisha mfuko maabara pamoja na sampuli mpya. Mimi nilipunguza matone. Nikamchoma haidrokotisoni, nikampa panadoli, nikamfunika blanketi. Niliwaza malaria. Tena damu ilikuwa adimu mno miaka ile, mumewe na shemeji yake walikuwa wametoa yao jioni ili kufidia, na kuifunga niliona kama kuimwaga. Mfuko uliisha wote.

Alfajiri mkojo wake kwenye mpira ulikuwa mweusi.

Niliijua maana yake, lakini bado nilikuwa najitafutia sababu nyingine. Nikaanza kujaza rejista, nikahitaji jina la kijiji, nikatoa kadi yake ya kliniki chini ya mto, imeviringishwa kwenye mfuko wa nailoni. Mkunga wa zahanati, ambaye sijawahi kumwona, alikuwa amejaza kila mstari. Penye kundi la damu aliandika O, kwa wino wa bluu, herufi kubwa. Kadi ilikuwa pale usiku kucha, karibu na mkono wangu.

Yaliyofuata ndiyo ninayoyaungama zaidi, maana la kwanza nililifanya bila kujua na haya niliyafanya nikiwa macho. Mfuko mtupu wa damu niliutupa kwenye ndoo ya taka za kuchomwa badala ya kuurudisha maabara. Kwenye faili niliandika kwamba mgonjwa amepata mzio baada ya kuongezewa damu, nikaacha kuandika kundi. Daktari alipopita asubuhi, amechoka, alisoma nilichoandika akaendelea na tiba ya mzio. Kadi ya kliniki nikaikunja katikati ya khanga zake na vitambaa vya mtoto, nikamkabidhi mama yake mzazi. Kama ningekuwa na hofu ya Mungu asubuhi ile ningesema. Nilichokihofia ni Baraza la Uuguzi na Ukunga, leseni yangu na ada za wanangu.

Figo zake zilisimama. Alivimba uso, akaanza kuchanganya maneno, akafa baada ya siku kadhaa. Siwezi kudai kwamba angepona kama ningesema kweli alfajiri. Ila daktari angejua anapambana na nini, angemjaza maji mapema, angemtafutia rufaa angali na nguvu za kusafiri. Nafasi hiyo ilikuwa haki yake, nami niliichukua.

Baada ya msiba mama yake alirudi wodini na karanga kwenye kapu. Akanitafuta mimi. "Mwanangu, ulikesha na binti yangu," akasema. "Sina kingine." Nilizipokea kwa mikono miwili, nikapiga goti kidogo kama ilivyo adabu, nikasema asante bibi.

Kisha kikaja kikao cha kujadili kifo. Nchi yetu ina utaratibu mzuri wa kupitia kila kifo cha mama mzazi, na siku hizi unajumuisha watoto wachanga pia. Watumishi hukaa, faili linafunguliwa, wanatafuta penye tundu ili lizibwe, na msingi wake ni kwamba mjadala hautafuti wa kulaumiwa. Lakini kikao husoma kilichoandikwa. Tulisoma maandishi yangu, tukahitimisha kwamba amekufa kwa kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Tukazungumza sana kuhusu akina mama wanaochelewa vijijini. Tukatoka na azimio la kuielimisha jamii iwahi hospitali. Familia ile ilikuwa imewahi. Walikodi gari, walitoa damu, walileta kadi iliyojazwa. Mimi nilikaa kimya nikasaini mahudhurio.

Nataka hili lieleweke vizuri, hasa na wanaopanga mambo ya afya. Kifo kile kimehesabiwa mahali kama kifo cha kutokwa damu. Mtu aliyesoma takwimu za mwaka ule alipanga kununua oksitosini, na oksitosini ni dawa njema, lakini hakuna aliyepanga kununua kalamu na lebo wala kuongeza muuguzi wa usiku. Uongo wangu uliingia kwenye karatasi ukawa taarifa rasmi.

Wakati huo hofu yetu kubwa juu ya damu ilikuwa UKIMWI, na ilistahili. Kazi iliyofanywa tangu Mpango wa Taifa wa Damu Salama ulipoanzishwa, ya kupima kila chupa na kutafuta wachangiaji wa hiari, imeokoa watu wengi. Ila tuliangalia sana kilichomo ndani ya mfuko, tukasahau jina lililo juu yake. Uingereza, tangu mwaka 1996, hospitali zao hukusanya taarifa za madhara ya kuongezewa damu na kuzichapisha kila mwaka, na taarifa hizo zimeonyesha tena na tena kwamba madhara mengi hutoka kwenye makosa ya binadamu, yakiwemo haya ya sampuli ya mtu huyu kwenye kichupa chenye jina la mtu yule. Wamelijua kwa sababu watumishi wao walisema.

Miaka michache baadaye, wodini kwetu, muuguzi mdogo alifanya kile kile. Wagonjwa wawili, vichupa mfukoni, meza ile ile. Tofauti ni kwamba yeye alishtuka. Akiwa njiani kwenda kula alisimama, akakumbuka kwamba hakuandika kitandani, akakimbia maabara, akawaambia wasitoe damu, akachukua sampuli upya. Makundi yalikuwa yamepishana kweli. Hakuna aliyeumia. Asubuhi, bila kuulizwa, akaeleza yote mbele ya kikao cha zamu.

Akaandikiwa barua ya kujieleza. Kabla ya mwaka kuisha alihamishiwa zahanati ya mbali, mahali ambapo wote tulielewa kuwa ni adhabu. Kwenye kikao kile nilikuwa mkubwa wake kazini, na niliulizwa nina maoni gani. Pale pale ningeweza kusema kwamba meza ile na mfuko ule wa gauni vimeshaua, kwamba binti huyu ameokoa mtu, na kwamba anayestahili barua ni mimi. Nilisema, "Lazima tuwe makini."

Katika makosa yangu yote, sentensi hiyo ndiyo inayonitesa kuliko yote. Usiku wa vichupa nilikuwa nimechoka na peke yangu. Siku ya kikao nilikuwa nimelala vizuri, nimekunywa chai, na nilikuwa na ujuzi ambao hakuna mwingine chumbani aliyekuwa nao.

Novemba 2007 ikaja habari ya Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ile iliyoitikisa nchi nzima. Wagonjwa wawili waliofanana jina la kwanza walibadilishana meza za upasuaji: aliyekuja kutibiwa goti alipasuliwa kichwa, na aliyekuwa na tatizo kichwani akapasuliwa goti. Huyu wa pili baadaye alifariki. Tuliisikiliza redioni kwenye chumba cha chai. Kila mtu alisema uzembe, wafukuzwe, wafungwe. Na mimi nilisema, tena kwa sauti ya juu kuliko wengi, kwa sababu kunyamaza kungenifichua.

Kitu ambacho sikukijua siku ile ni kwamba miezi hiyo hiyo, katika hospitali ya Mtakatifu Fransisko pale Ifakara, jirani zetu wa Morogoro, ilikuwa inafanyika kazi ya aina nyingine kabisa. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limechagua hospitali nane katika miji minane: Toronto, Seattle, London, Amman, New Delhi, Manila, Auckland, na Ifakara. Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008 walipima madhara ya upasuaji kabla na baada ya kuanza kutumia karatasi moja yenye mambo 19 ya kusomwa kwa sauti. Timu inasimama mara tatu: kabla ya usingizi, kabla ya kisu, kabla ya mgonjwa kutoka chumbani. Jambo la kwanza kabisa kwenye karatasi ni kuthibitisha mgonjwa ni nani, anafanyiwa nini, na wapi mwilini. Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Kwa hospitali zote nane pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Walichobadilisha ni utaratibu wa kuulizana, na ndani yake nesi akapewa ruhusa ya kumsimamisha bingwa.

Nchi moja, msimu mmoja. Pale Dar es Salaam tulikuwa tunatafuta wa kumlaumu, na Ifakara walikuwa wanapima namna ya kuzuia kosa lile lile. Naona uchungu nikifikiri ni watu wangapi wa Dodoma walioijua ile ya kwanza na wangapi walioisikia hii ya pili.

Na tusidhani Muhimbili walikuwa na mkosi wa peke yao. Mwaka 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, wagonjwa wawili walichanganywa kwa lebo za utambulisho, mmoja akafunguliwa kichwa, na madaktari wakagundua baada ya saa kadhaa kwamba damu iliyoganda waliyokuwa wanaitafuta haikuwepo. Miaka 10 na zaidi ilikuwa imepita tangu kisa chetu cha Muhimbili.

Kuna mfano mwingine wa Afrika Mashariki ninaoupenda, ingawa nao unauma. Kwa miaka mingi tuliwamiminia dripu kwa kasi watoto wenye homa kali walioingia wakiwa wamezimia au wanahema vibaya. Nimefanya hivyo mara nyingi, kwa nia njema, kwa sababu vitabu viliagiza. Madaktari wa Kenya, Uganda na hospitali ya Teule pale Muheza wakaamua kuipima desturi hiyo. Watoto 3,141 wakaingizwa kwenye utafiti, na mwaka 2011 ukasimamishwa mapema kwa sababu waliomiminiwa maji kwa kasi walikuwa wanakufa zaidi: ndani ya saa 48 walikufa karibu 10.5 kwa kila 100, wakati wasiomiminiwa walikuwa 7.3. Fani nzima ilikuwa imekosea. Waliolifichua kosa hilo hawakuandikiwa barua ya kujieleza; walichapisha, na dunia ikajifunza kutoka kwenye wodi za kwetu. Heshima hiyo tunaijua, basi. Tunawapa watafiti, na muuguzi wa zamu ya usiku tunamnyima.

Nilianza kusema nikiwa karibu kustaafu, nilipohamia kituo kingine na kupewa wodi. Nilifunga kalamu kwa uzi kwenye trei ya kuchukulia damu. Nikakataza vichupa kuingia mfukoni. Nikaagiza kwamba kabla ya damu kufunguliwa watu wawili wasome, mmoja mfuko, mwingine faili na kadi, na mgonjwa aulizwe "Jina lako nani?" ili alitaje mwenyewe. Wanafunzi waliponiuliza kwa nini nimekuwa mkali hivyo juu ya kalamu, niliwaeleza. Ilikuwa mara ya kwanza maneno yale kutoka kinywani mwangu. Mmoja alilia. Mwingine akaniomba tuzungumze faraghani, akanieleza dozi ya watoto aliyoikosea wiki ile, na tukaenda pamoja kumwangalia yule mtoto. Alikuwa salama.

Baada ya hapo sikuweza kubaki na siri kwa ndugu wa marehemu. Nilifuatana na mchungaji mmoja mstaafu hadi kijijini kwao. Bibi bado yu hai, macho yamefifia. "Mbukwenyi," tukasalimu, akatukaribisha kivulini, akamwita mkwe wake wa zamani ambaye ana familia nyingine sasa. Niliwaeleza kuanzia kichupa hadi mfuko niliotupa. Bibi aliingia ndani akatoka na kadi ya kliniki. Ameitunza miaka yote pamoja na vyeti vya mjukuu. Aliiweka mkekani bila kusema kitu, kisha akaniuliza kama zile karanga nilizila. Nikajibu nilizila.

Aliyezungumza zaidi ni mume. "Ulisema damu ilimkataa," akasema. "Mimi nilitoa damu jioni ile. Miaka yote hii nimeamini ni yangu iliyomuua." Alikuwa ameacha kuchangia damu tangu siku ile. Aliwakataza na ndugu zake.

Hilo sikuwa nimelifikiria hata mara moja. Katika hesabu zangu zote za hatia nilikuwa nimemweka marehemu, mtoto, bibi, na yule muuguzi mdogo. Mwanamume aliyekaa kwenye benchi nje ya wodi na pamba mkononi sikumhesabu. Niliomba msamaha. Bibi alisema amenisamehe. Mume alisema bado, na sina haki ya kumharakisha. Wakaniomba nisimwambie mtoto hadi amalize shule, na wao ndio watakaochagua siku.

Yule muuguzi mdogo nilimpata soko la Majengo. Aliacha kazi, anauza vitenge. Nilimwomba radhi kati ya wateja wake, naye akanisikiliza huku anakunja kitambaa. "Dada, barua nilishaisahau," akasema. "Ila baada ya barua ile, wodini kuna aliyesema tena?" Hakuna aliyesema. Daftari la matukio lilikaa tupu hadi nilipohama.

Sidai kwamba watumishi wasiadhibiwe kamwe. Anayekuja kazini amelewa aadhibiwe. Anayemwacha mgonjwa kwa kuwa hana pesa aadhibiwe. Na mimi nilistahili adhabu, kali, kwa kutupa ule mfuko na kuandika uongo. Lakini aliyekosea kwa uchovu na kukimbizwa, kisha akaja mwenyewe kusema kabla jua halijachomoza, huyo akiadhibiwa wodi nzima hufunga mdomo, na mgonjwa anayefuata ndiye hulipa. Waganga wakuu na matroni wanaosoma hapa, nawaomba mwangalie daftari lenu la matukio. Kama liko tupu, msifurahi. Hakuna wodi yenye watu wanaougua na watumishi wanaokesha ambayo haina la kuandika.

Wenzangu mlio zamu usiku wa leo, andikeni jina kando ya kitanda. Mkishakosea, na mtakosea, semeni saa ile ile, mgonjwa angali hai.

Nanyi ndugu wa wagonjwa, mna kazi pia, na msiione kuwa ni utovu wa adabu. Nesi akija na damu kwa mtu wenu, mwombeni asome kwa sauti majina yote matatu, namba ya faili na kundi. Mwacheni mgonjwa ataje jina lake kwa kinywa chake. Kadi ya kliniki isikae chini ya mto. Mpeni aishike, ailinganishe na mfuko. Akikasirika, mvumilieni, lakini asome.